Matimba: Ukuta wa magogo unaobeba uhai wa wachimbaji wadogo

AGOSTI 11, 2025, watu 25 walifukiwa na kifusi katika machimbo ya dhahabu ya Nyandolwa, wilayani Shinyanga. Wachache walitolewa wakiwa hai. Taarifa za uongozi wa mkoa zilieleza kuwa ardhi ilititia wakati mafundi na wachimbaji hao wakiwa katika shughuli za ukarabati wa maduara.

Msomaji wa mjini anaweza kulipita neno "ukarabati" bila kulitilia maanani. Kwake ukarabati ni kuziba nyufa, kubadili bati lililotoboka au kupaka rangi nyumba kabla ya sikukuu. Katika machimbo ya Shinyanga, Kahama na Geita, neno hilo lina uzito mwingine kabisa. Kukarabati duara ni kushuka ndani ya shimo ambalo kuta zake zimeanza kuchoka, kuondoa gogo linalozuia udongo usiporomoke na kuweka jingine mahali pake, huku fundi mwenyewe akiwa chini ya udongo huohuo.

Magogo hayo wachimbaji huyaita matimba, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza na ambalo sasa halihitaji tafsiri mahali popote Kanda ya Ziwa. Shimo la wima ndilo duara. Njia ya mlalo inayochimbwa kutoka chini ya duara kuufuata mwamba wenye dhahabu huitwa msha. Mambo mengi yameandikwa kuhusu zebaki, bei ya dhahabu na migogoro ya leseni, lakini ukuta huu wa magogo, ambao ndio unaoamua kama mtu aliyeshuka asubuhi atapanda jioni, hutajwa tu pale unapoanguka.

Udongo usiosimama wenyewe

Dhahabu ya ukanda huu imo ndani ya miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Mwamba huo ukiwa mzima ni mgumu na husimama wenyewe kwa miaka mingi. Tatizo ni kile kilicho juu yake. Kwa muda mrefu jua na mvua vimeulainisha mwamba wa juu ukawa udongo mwekundu, mfinyanzi na mawe yaliyooza yanayovunjika kwa mkono. Katika maeneo ya tambarare ya Shinyanga huongezeka udongo mweusi wa mbuga, ambao hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka.

Mchimbaji mdogo hana njia ya kuukwepa udongo huo. Ni lazima aupite ndipo aufikie mwamba, na hapo ndipo matimba yanapohitajika. Duara la kawaida ni jembamba, mara nyingi lenye ubavu wa mita moja hadi mbili, na matimba hupangwa kuanzia mdomoni kushuka hadi pale mwamba mgumu unapoanza. Magogo mawili hulazwa yakitazamana, mengine mawili hulazwa juu yake kwa kukatiza, yote yakiwa yamechongwa pembeni ili yaumane. Hupangwa hivyo, safu juu ya safu, mpaka duara lote linakuwa kama kreti ndefu iliyozikwa wima ardhini.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana kwa hesabu rahisi. Duara lenye ubavu wa mita moja na nusu, lililochimbwa mita 30 ndani ya udongo laini, likipangwa magogo yenye unene wa sentimita 15 bila kuacha nafasi, huhitaji magogo 200 kwa kila ubavu, yaani magogo 800 kwa pande nne. Fundi anayeacha nafasi ya gogo moja kati ya kila magogo mawili atatumia 400. Kila gogo linahitaji urefu unaokaribia mita mbili ili ncha zake zipate pa kuumana. Hilo ni duara moja tu, na eneo moja la machimbo laweza kuwa na makumi ya maduara.

Nafasi zinazoachwa kati ya magogo zina kazi nyingine, na kazi hiyo inatisha. Katika maduara mengi hutumika kama ngazi. Mchimbaji hushuka na kupanda kwa kukanyaga matimba yenyewe, mguu upande huu na mguu upande ule, mgongoni akiwa na vifaa. Kwa hiyo kitu kilichowekwa kuzuia ukuta kinapigwa teke mara mamia kila siku. Hakuna mwenye nyumba ambaye angekubali nguzo za dari lake zitumike kama ngazi ya wapagazi.

Maji ndiyo mzigo mkubwa

Watu wengi hudhani kazi ya gogo ni kushindana nguvu na udongo. Mafundi wazoefu wanajua kuwa sivyo. Gogo lililoachana na udongo halizuii chochote. Linangoja tu kupigwa. Udongo ukishapata mwanya wa sentimita chache nyuma ya matimba, huanza kusogea, na udongo unaosogea una uzito ambao udongo uliotulia hauna. Ndiyo sababu mwanya baina ya ukuta wa shimo na magogo hushindiliwa kwa viroba vilivyojazwa mchanga au mawe, na magogo hukazwa kwa kabari. Wanaotumia majani na matawi kujazia mwanya huo huokoa muda, lakini majani huoza, hunywea, na baada ya miezi michache mwanya unarudi pale pale.

Kisha kuna maji. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa karibu tani moja na robo tatu hadi tani mbili. Kwa kanuni za kawaida za ujenzi, ukuta unaozuia udongo mkavu katika kina cha mita kumi husukumwa kwa nguvu ya takriban tani sita kwa kila mita ya mraba. Udongo huohuo ukijaa maji hadi juu, maji peke yake husukuma kwa tani kumi, na udongo uliolowa huongeza tani nyingine kama tatu. Mzigo umezidi maradufu wala hakuna gogo lililoongezwa. Shimo jembamba hupata nafuu kiasi kwa kuwa udongo unaolizunguka hubanana wenyewe kama matofali ya tao, lakini nafuu hiyo nayo hupungua udongo unapolowa na kugeuka tope.

Kumbukumbu za maafa zinaendana na hesabu hiyo. Aprili 2015, wachimbaji 19 walipoteza maisha karibu na Bulyanhulu, wilayani Kahama, baada ya mashimo kuporomoka wakati wa mvua kubwa. Januari 2024, watu 22 walifukiwa na kufa katika machimbo ya Ng'alita, Bariadi, mkoani Simiyu, nao pia katika kipindi cha mvua nyingi.

Tukio lililobaki zaidi katika vinywa vya watu ni la Nyangalata, Kahama. Oktoba 5, 2015, kifusi kiliziba njia na kuwafungia wachimbaji chini. Baadhi ya wenzao waliokolewa mapema, na waliobaki wakahesabiwa kuwa wamekufa. Novemba 15, siku ya 41, watano walitolewa wakiwa hai, na wa sita alikuwa amefariki humohumo. Walikuwa wameishi kwa kula vyura, mende na mizizi na kunywa maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka juu. Maji ni adui mkubwa wa shimo, na kwa watu hao watano ndiyo yaliyowaweka hai.

Simulizi ya Nyangalata husimuliwa kama muujiza, na bila shaka ilikuwa hivyo kwa familia zao. Kwa fundi wa matimba ina somo jingine. Watu wale hawakuuawa na kifusi kwa sababu sehemu waliyokuwamo ilibaki wazi. Njia ya kutokea ndiyo iliyowasaliti. Mgodi wenye mdomo mmoja tu ni chumba chenye mlango mmoja, na mlango wenyewe umetengenezwa kwa miti.

Mti hulia kabla ya kuvunjika

Kwa nini basi magogo, katika zama hizi za zege na chuma? Jibu la kwanza ni fedha, lakini si jibu pekee. Mti una tabia ambayo wachimbaji wa mataifa mengi wameithamini kwa karne nyingi: hulalamika. Gogo linalozidiwa hulia, hupinda na kuchanika nyuzi kabla ya kukatika. Zege dhaifu linaweza kupasuka ghafla. Fundi mwenye sikio zuri husikia duara likianza kulia akapata muda wa kuwatoa watu, mradi kompresa na winchi havipigi kelele za kumeza sauti hiyo.

Mti una udhaifu wake pia. Gogo likiwa majini muda wote huoza taratibu, na likiwa kavu muda wote hudumu. Linaloteseka ni lile lililo katikati, linalolowa leo na kukauka kesho, kwa kuwa kuvu hupata hewa na unyevu kwa pamoja. Katika duara hali hiyo hupatikana zaidi karibu na mdomo, sehemu ileile ambayo udongo ni laini kuliko kwingine na ambayo mchwa huifikia kwa urahisi. Gogo lisilomenywa gome huhifadhi unyevu na wadudu. Mkaratusi uliokatwa jana na kushushwa leo hunywea kadiri unavyokauka, kabari zikalegea, na ukuta uliokuwa umekazwa vizuri mwezi wa kwanza ukawa unachezacheza mwezi wa tatu. Asiyerudi kukaza upya amefanya nusu ya kazi.

Namna ya kukagua si siri na haihitaji mtambo. Gogo zima likigongwa kwa nyundo hutoa mlio mkali. Lililooza ndani hutoa mlio mzito, kama wa gunia. Kamba yenye timazi ikiteremshwa kutoka mdomoni huonyesha ukuta unaovimba kabla jicho halijauona. Nyufa zinazozunguka mdomo wa shimo juu ya ardhi, hata nyembamba kama uzi, zina maana kuwa udongo umeanza kusafiri. Lundo la kifusi lililorundikwa kando ya mdomo huongeza uzito pale pale ambapo haupaswi kuongezwa, na mtaro wa kukinga maji ya mvua hugharimu jembe na nusu siku ya kazi. Ni ajabu, na inasikitisha, kuona maduara ya kina kirefu yasiyo na mtaro huo.

Kubadilisha matimba ni hatua nyingine. Kanuni ya mafundi ni kwamba gogo jipya hutangulia na la zamani hufuata, moja baada ya jingine, kuanzia sehemu iliyo imara kuelekea iliyochoka, na msha usiwe na watu wakati huo. Pale ambapo duara limetelekezwa kwa miezi kadhaa kuna hatari isiyoonekana: miti inayooza hula hewa ya oksijeni, hivyo fundi anaweza kuanguka kabla hata hajagusa gogo. Pampu ya petroli ikishushwa humo ili kuvuta maji, moshi wake huua upesi zaidi kuliko kifusi. Hewa safi husukumwa kwanza, kisha ndipo mtu ashuke.

Ghali, na haizai dhahabu

Maelezo hayo yote yanajulikana machimboni. Dai kwamba mchimbaji mdogo hajali uhai wake, linalorudiwa kila baada ya maafa, halitoshi. Swali lenye manufaa ni nani hulipia gogo, na lini.

Katika machimbo mengi leseni ni ya mtu mmoja au kikundi, duara ni la mwingine, na wanaochimba ni wengine kabisa. Mgao mmojawapo uliozoeleka Geita ni asilimia 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa mwenye duara na 30 kwa wachimbaji, ingawa hutofautiana kutoka eneo hadi eneo. Mwenye duara ndiye anayegharimia chakula, mafuta ya kompresa na matimba. Wachimbaji hawana mshahara. Hula wanachopewa na kusubiri mawe. Inaweza kuchukua miezi mingi kabla mfuko wa kwanza wa mawe yenye dhahabu haujapanda juu.

Katika mpangilio huo kila shilingi inayoingia kwenye matimba hutoka kabla ya dhahabu kuonekana, tena hutoka mfukoni mwa mtu mmoja. Fedha zikipungua, mafuta hayawezi kusubiri kwa sababu bila hayo kazi inasimama. Chakula hakiwezi kusubiri. Gogo laweza kusubiri wiki moja, na wiki moja huzaa nyingine. Baada ya dhahabu kuonekana hali haiwi bora, kwa kuwa kila mmoja anataka kulipwa alichongoja, na kusimamisha uchimbaji siku tatu ili kubadilisha magogo ni kusimamisha mapato ya watu wote. Hapo ndipo hata nguzo za mwamba zilizoachwa ndani ya msha kushikilia dari huanza kumegwa, maana nazo zina dhahabu.

Leseni ndogo ya uchimbaji chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hudumu miaka saba na, kwa madini kama dhahabu, eneo lake halizidi hekta kumi. Kanuni za usalama za mwaka huohuo humpa mkaguzi wa migodi mamlaka ya kusimamisha kazi katika shimo lisilo salama. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kuwapo katika kila duara asubuhi ya kila siku. Mtu pekee anayeweza kuwapo ni fundi wa matimba, na fundi huyo hulipwa na mtu yuleyule ambaye atapata hasara iwapo atasema leo msishuke.

Msitu nao unaishiwa

Kuna upande mwingine ambao wakazi wa mijini wanaugusa bila kujua. Magogo hukatwa katika misitu ya miombo na katika mashamba ya mikaratusi. Shinyanga ina historia chungu na miti. Vichaka vilifyekwa enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamaliza vilivyobaki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili, maeneo ya malisho waliyokuwa wakiyafunga tangu kale ili yapumzike. Miti ikarudi. Sasa duara moja laweza kumeza zao la miaka mingi la ngitili.

Mikaratusi nayo ina wateja wengine. Mirunda inayoshikilia zege la ghorofa jipya Kahama au Geita mjini hutoka katika mashamba hayohayo. Anayejenga mjini anaijua kanuni kwamba mirunda haiondolewi mapema, kwa kuwa zege huhitaji siku 28 kukaribia nguvu yake kamili. Tofauti ni kwamba mirunda ya ghorofa huondolewa siku moja ikatumika kwingine, ilhali matimba hayana siku ya kuondolewa.

Migodi mikubwa ya eneo hili imeondokana na utegemezi huo. Chini ya ardhi, nondo hupigwa ndani ya mwamba ili kuufunga na kujishikilia wenyewe, nyavu za chuma hutandazwa na zege hunyunyiziwa ukutani. Bulyanhulu hurudisha mabaki ya mawe yaliyosagwa, yakiwa yamechanganywa na saruji, kujaza mapango yaliyokwisha kuchimbwa. Mchimbaji mdogo hawezi kuiga yote hayo. Hata hivyo anaweza kuiga sehemu moja: mita chache za juu za duara, ambako mti huoza haraka na maji huingia, zinaweza kujengwa kwa pete za zege kama zile za visima vya maji, na mdomo ukainuliwa juu ya usawa wa ardhi. Mafundi wa pete hizo wapo katika kila mji wa Kanda ya Ziwa. Gharama yake ni kubwa siku ya kwanza, lakini pete haili mti mwaka hadi mwaka, wala haihitaji mtu kushuka kuibadilisha.

Vikundi vyenye akiba ya pamoja ndivyo vyenye nafasi nzuri zaidi ya kufanya hivyo, hasa vile vinavyotenga fungu la matimba kutoka katika mifuko ya mawe kabla ya mgao, sawa na wanavyotenga tozo na mrabaha. Gogo likilipiwa na wote, hakuna mmoja anayepata faida kwa kulichelewesha.

Mvua za Kanda ya Ziwa huanza kunyesha kati ya Oktoba na Novemba. Maduara yaliyochimbwa na kupangwa magogo mabichi wakati wa kiangazi huwa yameshanywea kufikia wakati huo, kabari zimelegea na viroba vya juu vimechanika kwa jua. Ukaguzi wa nyundo na timazi katika wiki za mwisho za Septemba, kabla wingu la kwanza halijatanda upande wa ziwa, huchukua saa chache kwa duara moja.